Hitilafu Ambayo Haikuandikwa

Kwa miaka ishirini na sita Bwana Kanuni aliandika kila kitu. Taa ya kusomea juu ya kiti cha abiria ikiungua, aliandika. Mlango wa choo ukigoma kufungwa, aliandika, na akaongeza kama ni komeo la juu au la chini. Kila ndege ina kitabu chake cha hitilafu, kinakaa kwenye mfuko nyuma ya kiti cha rubani, na utaratibu wake hauna maelezo marefu: kasoro uliyoiona angani unaiandika mle kabla hujashuka ngazi, na ikishaandikwa, ndege haiondoki mpaka fundi aweke saini kwamba imepona. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa kwenye kitambulisho kilichoning'inia shingoni, lakini hakuna aliyelitumia. Wapakiaji wa mizigo, wafagizi, marubani wenzake, hata mlinzi wa geti, wote walimwita Bwana Kanuni, wengine kwa heshima, wengine kwa kumbeza, naye aliitika kwa namna zote mbili bila kubadili uso.

Mashati yake meupe aliyapiga pasi mwenyewe, kwa sababu mkewe, kwa maoni yake, alikosea mikunjo ya mabega.

"Mimi nimeolewa na kitabu cha maelekezo," mkewe alikuwa akiwaambia wageni. "Nikimwekea chai ananiuliza sukari imepimwa na nani."

Rafiki yake wa kweli pale kazini alikuwa mmoja, fundi wa vyombo vya umeme vya ndege, mtu mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo, aliyeitwa Koleo. Waliajiriwa katika wiki ile ile. Watoto wa Koleo walimwita Bwana Kanuni baba mkubwa, na mke wa Koleo alimwita shemeji, na Jumapili nyingi familia hizo mbili zilikula meza moja.

Marubani wengine hawakuwa kama Bwana Kanuni. Shirika lilikuwa na ndege mbili tu, kuukuu zote, na vipuri viliagizwa ng'ambo, vikafika baada ya siku nane, mara nyingine kumi na tano. Kuandika kasoro kitabuni kulikuwa sawa na kuifunga ndege kwa kufuli. Basi wakazoea njia nyingine. Rubani alichana kipande cha karatasi, akaandika kasoro kwa penseli, akamtia fundi mkononi huku akimsalimu. Fundi alishughulikia alichoweza, kisha akakichana kikaratasi vipande vipande. Kitabu kilibaki kisafi, ndege iliruka, watu walipata ujira wao, na mkaguzi alipokuja alikuta kurasa safi akawasifu. Waliofanya hivyo hawakuwa majambazi. Walikuwa baba na mama wa watu, wacheshi, wenye huruma. Lakini ukweli wa ndege ulikuwa unasafiri kwenye mifuko ya mashati badala ya mahali palipowekwa kwa ajili yake, na wote walijua.

Bwana Kanuni hakuwahi kuandika kikaratasi. Mkuu wa Safari, aliyepanga ratiba na aliyeogopa simu za wenye shirika kuliko kitu kingine duniani, alimtisha, akambembeleza, akamnyima safari nzuri. Hakutikisika. Kilichomtikisa ni kikombe cha chai.

Mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu, aliandika kwamba kipimo cha mafuta kinachezacheza. Ndege ya pili ilikuwa tayari imefunguliwa tumbo karakana. Shirika zima likasimama siku kumi na moja. Wafagizi, wapakiaji na akina mama wa kantini, watu themanini wa ujira wa siku, waliambiwa wabaki nyumbani. Waliporudi, mama wa kantini aliyemhudumia kwa miaka ishirini alimbwagia kikombe mezani kwa kishindo hata nusu ya chai ikamwagika kwenye kisahani.

"Karibu, Bwana Kanuni," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Leo tunaandika nini? Chai imemwagika, andika. Kijiko kimepinda, andika. Wanangu wamelala bila kula siku tatu, hilo lina ukurasa wake?"

Kantini nzima ikacheka. Yeye naye akacheka, akakiacha kikombe mezani. Tangu siku ile wapakiaji walimpita bila salamu. Aliyevumilia vitisho kwa miaka yote hiyo alishindwa kuvumilia kununiwa na watu aliowahurumia. Ni jambo la kibinadamu, na ndiyo maana ni la hatari. Mtu hujilinda na vitisho kwa sababu anavitambua ni vitisho. Huruma anaifungulia mlango mwenyewe.

Jumanne moja, miezi saba kabla ya siku yake ya kustaafu, alikuwa anarudi na ndege yenye abiria hamsini. Ndege ile ilikuwa na kompyuta mbili za kuongozea safari, moja ya rubani aliyekaa kushoto na nyingine ya rubani msaidizi aliyekaa kulia. Zilikuwa masanduku mawili ya chuma yanayofanana kama mapacha, yamefungwa kwenye kabati nyuma ya chumba cha marubani, na kila moja lilimwambia rubani wake mahali ndege ilipo. Wakiwa angani, skrini ya kulia ikawa nyeusi. Ilikaa nyeusi dakika tatu, kisha ikawaka yenyewe kana kwamba hakuna kilichotokea.

Rubani msaidizi wa siku ile alikuwa anahamia shirika la mbali wiki hiyo hiyo. "Kapteni, si imerudi?" akasema. "Mimi sijaona kitu."

Walipotua, Bwana Kanuni alikaa na kitabu cha hitilafu magotini, kalamu imefunguliwa. Dirishani aliwaona wapakiaji wakija na mikokoteni, na wafagizi nyuma yao na ndoo. Mmoja wao, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, alimpungia mkono. Akaandika tarehe. Akaandika: Hakuna kasoro. Akaweka saini. Kisha akachana ukurasa wa shajara yake, akaandika kwa penseli kwamba skrini ya kompyuta ya kulia ilizima kwa dakika tatu.

Koleo alikuwa chini ya ngazi. Alipokiona kikaratasi alirudi nyuma hatua mbili.

"Ndugu yangu, wewe? Unaumwa?"

"Usinichekeshe, Koleo. Chukua."

"Hiki nitakitia fremu nikitundike sebuleni! Shemeji yako atadhani nimekighushi."

"Chukua kabla sijabadili mawazo."

Koleo akaacha utani. "Ukibadili mawazo sasa hivi mimi sitakulaumu. Kitabu bado kimo humo ndani. Panda ngazi, andika, tukae nyumbani siku tutakazokaa."

"Watu wana watoto, bwana."

"Haya," akasema Koleo, akakipokea.

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi, na aliyeufungua alikuwa mtu ambaye angepoteza ujira wa siku zile kama wengine. Bwana Kanuni hakupita. Alienda kuoga, akapita kantini, na mama wa kantini akamletea kikombe kilichojaa mpaka ukingoni.

Siku ya pili Koleo alifungua kabati. Alisafisha pini za masanduku yote mawili, akayapima, akayakuta mazima. Ugonjwa wa kuja na kuondoka una dawa moja ya kifundi: unabadilisha masanduku, la kulia unaliweka kushoto na la kushoto kulia, kisha unasubiri. Kasoro ikihama, iko kwenye sanduku. Ikibaki pale pale, iko kwenye nyaya. Koleo akayabadilisha. Kama hitilafu ingekuwa kitabuni, mabadilishano nayo yangeandikwa chini yake, na rubani yeyote angesoma. Lakini huwezi kuandika tiba ya mgonjwa ambaye hayupo. Akakichana kikaratasi, akajiambia kwamba asubuhi atamweleza mwenzake kwa mdomo.

Alhamisi asubuhi Koleo aliitwa karakana kwenye ile ndege nyingine, na safari ikasogezwa mbele nusu saa. Alipiga simu mara nne. Simu ya Bwana Kanuni, kwa mujibu wa kanuni kwamba rubani azime simu akishakanyaga uwanja wa ndege, ilikuwa imezimwa.

Rubani msaidizi wa siku hiyo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne. Walimwita Mwalimu kwa sababu alifundisha hesabu miaka mitatu kabla ya kwenda chuo cha urubani. Aliisoma hali ya ndege kitabuni, akakagua saini, akajifunga mkanda. Abiria walikuwa sitini na mmoja.

Saa moja baada ya kuruka, wakiwa juu ya mawingu mazito, Mwalimu alisema, "Kapteni, yangu na yako hazikubaliani."

"Kwa kiasi gani?"

"Maili nne. Sasa tano."

Alikuwa ameegemea mbele, anatazama skrini moja kisha nyingine. Ya kushoto ilisema wako kwenye mstari wa njia yao. Ya kulia ilisema wanavutwa magharibi, kuelekea safu ya milima.

"Ya kwako ndiyo mbaya," akasema Bwana Kanuni. "Izime."

"Kwa nini iwe ya kwangu? Nimepiga hesabu kwa saa na dira, zinakubaliana na ya kwangu. Na redio ya kituo tulichopita inasema hivyo hivyo."

"Ya kulia ni mgonjwa, Mwalimu."

"Mgonjwa tangu lini? Kitabu nimekisoma asubuhi. Hakuna kasoro, na saini ni yako."

Angejibu nini? Kila neno la kweli alilokuwa nalo lilianza na kukiri kwamba ameandika uongo.

"Izime," akarudia.

"Kapteni, nakuomba. Mashine hii ukiizima angani haikubali kuanza tena mpaka isimame ardhini. Tuziache zote mbili, tuulize redio."

Bwana Kanuni akanyoosha mkono, akaizima mwenyewe. Skrini ya kulia ikawa nyeusi. Lile ndilo lililokuwa sanduku zima, lisilo na ugonjwa. Lile gonjwa ndilo sasa lililolisha skrini iliyokuwa mbele yake, linamwonyesha mstari mzuri ulionyooka, naye akalifuata kwa moyo mweupe, kwa sababu kikaratasi chake mwenyewe kilimwambia ugonjwa uko upande wa pili.

Eneo lile mwongozaji wa ndege hakuwa na rada. Alikuona kwa maneno yako mwenyewe. Alipouliza wako wapi, Bwana Kanuni alisoma kwenye skrini ya kushoto akamwambia, na yule mtu, akiwa kwenye kiti chake mbali kule, akaamini akawaruhusu kuteremka hadi futi elfu tisa. Wakaingia mawinguni. Kioo kikawa cheupe. Mwalimu alikuwa ameshika penseli na kadi, anapiga hesabu pajani, midomo inacheza.

"Kapteni, hesabu yangu inatuweka magharibi maili kumi na moja. Kule kuna milima ya futi elfu kumi."

"Angalia skrini, mstari—"

Skrini ya kushoto ikapepesa mara mbili. Ikagoma. Katika sekunde hiyo hiyo mashine ya tahadhari ikaanza kupiga kelele kwamba ardhi iko karibu.

Alivuta usukani kwa mikono yote miwili na kusukuma injini hadi mwisho. Ndege ikainua pua kwa nguvu ambayo haikuumbiwa. Wingu likachanika upande wa kushoto, akaona ubavu wa mlima, mawe na nyasi zilizolazwa na upepo, karibu kiasi cha kuona kwamba nyasi zilikuwa kavu. Kisha weupe tena. Nyuma yao, kigari cha vinywaji kilikatika breki kikateremka na njia ya katikati ya viti. Mhudumu mkuu, ambaye wenzake walimwita Dada Mkubwa, alikuwa amesimama nyuma kabisa akimfunga mkanda mtoto wa abiria. Kikamkuta mgongoni.

Walipofika juu ya mawingu, hawakuwa na kompyuta hata moja. Ya kushoto ilikufa, ya kulia ilizimwa na haikurudi. Kwa dakika hamsini walisafiri kwa dira, saa na redio za vituo vya chini. Mwalimu alipiga hesabu, Bwana Kanuni akarusha, na haki yake apewe: alirusha vizuri. Hawakusemezana lolote lisilo la kazi. Walipotua, abiria walipiga makofi, wengine wakalia, mzee mmoja akaja mlangoni mwa chumba cha marubani akamshika mkono akamwambia, "Mwanangu, Mungu akuweke." Dada Mkubwa alishushwa kwa machela kwa mlango wa nyuma. Uti wa mgongo ulikuwa umevunjika. Hakutembea tena.

Tume ya watu watatu ilikaa wiki mbili baadaye, kwenye chumba chenye meza ndefu, chupa za maji na kipaza sauti ambacho kila shahidi alilazimika kukigonga kwanza. Kinasa sauti cha ndege ile kilikuwa cha kizamani, kinatunza dakika thelathini za mwisho tu. Kwa kuwa waliruka dakika hamsini baada ya mlima, maneno yao yote ya kabla yalikuwa yamefutika.

Mwalimu alieleza alichosikia. "Alisema ya kulia ni mgonjwa. Alisema kama mtu anayejua."

"Kapteni?" akauliza mwenyekiti.

"Yalikuwa makadirio yangu wakati ule, mheshimiwa."

Kisha wakamwita Koleo. Namba za masanduku zilionyesha wazi kwamba yamebadilishwa mahali, na hakuna karatasi yoyote duniani iliyosema kwa nini. Kwa sheria ya kazi yao, fundi anayegusa kompyuta ya ndege bila kuandika ni kama daktari anayepasua mtu gizani.

"Nani alikuagiza?" akauliza mwenyekiti.

"Niliambiwa kuna kasoro."

"Na nani?"

Koleo aliweka mikono yake mikubwa juu ya meza. "Mwenyewe yumo humu ndani. Nitamwachia aseme."

Mwenyekiti aliwatazama waliokuwepo. Akasema, "Tunasubiri," akainamisha kichwa akaandika.

Bwana Kanuni alikuwa safu ya pili. Alichotakiwa kufanya ni kusimama. Angepoteza leseni, ndiyo, na ile mistari ya dhahabu ya mabegani miezi michache kabla ya kuivua kwa heshima. Lakini si hayo yaliyomkalisha. Lililomkalisha ni lile jina. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mtu mmoja, na kusimama kulimaanisha kwamba kila aliyemcheka alikuwa sahihi kumcheka, na kila aliyemheshimu alikuwa amedanganywa. Aliipenda sifa ya unyofu kuliko unyofu wenyewe. Hilo ni gonjwa la watu wema, na hakuna chombo cha kulipima mpaka siku yake ifike.

"Kapteni, una lolote?" mwenyekiti akauliza hatimaye.

"Sina, mheshimiwa."

Koleo alifutiwa leseni maisha. Bwana Kanuni alipewa barua ya pongezi kwa kuirudisha ndege kwa dira na saa, na picha yake ikabandikwa ubaoni karibu na kantini. Rubani msaidizi wa Jumanne, kule alikohamia, aliandikiwa barua na tume, akajibu kwamba hakumbuki jambo lolote lisilo la kawaida. Vikaratasi viliendelea. Tofauti ni kwamba sasa viliandikwa kwa herufi ndogo zaidi.

Mwalimu alimfuata kwenye chumba cha sare.

"Kapteni, nimemwambia Mkuu wa Safari nitaruka na yeyote atakayenipangia. Si na wewe."

"Mwalimu, sikiliza..."

"Nakusikiliza."

Alisubiri kweli, mkoba mkononi, mpaka ikawa wazi kwamba hakuna kitakachokuja. Akatoka.

Nyumbani, mkewe alikuwa akiuliza kwa nini Jumapili hawaendi tena kwa Koleo. Alimjibu kwamba Koleo ana mawazo, aachwe apumzike. Alimaliza miezi yake iliyobaki. Walimfanyia tafrija, Mkuu wa Safari akasema kwamba vijana waige mfano, akakabidhiwa saa ya ukutani. Wiki moja baadaye, akiwa mtu huru asiye na leseni ya kunyang'anywa, alikwenda kumwona Dada Mkubwa.

Aliishi kwa dada yake mdogo, chumba cha chini, kitanda kando ya dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Walikuwa wamemfungia kamba kwenye dari ili ajivute kukaa. Alijivuta, akatengeneza nywele.

"Kapteni! Umekuja mwenyewe. Nimewaambia hapa kila siku, kama si yule baba tungekuwa wote tumekwisha. Asante kwa kutuokoa."

Alijaribu kusema. Badala yake machozi yakamtoka.

"Unalia nini sasa?" akasema Dada Mkubwa. "Mimi ndiye nimelala, wewe ndiye unalia? Hebu mpeni maji huyu."

Alikunywa maji, akaaga. Hakumwambia. Lakini alipofika nyumbani alimwambia mkewe yote, tangu kikombe cha chai. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kitambaa cha kufutia meza.

"Na mimi nilikuwa namwona mke wa Koleo sokoni," akasema, "nikidhani ananikwepa kwa aibu ya mumewe."

Siku mbili hakupika, hakugomba, alikaa tu. Siku ya tatu alimwekea karatasi na kalamu mezani.

Aliandika kurasa nne, kwa mwandiko ule ule uliojaza vitabu vya hitilafu. Alieleza tarehe, saa, kikaratasi, maneno ya Koleo chini ya ngazi, swichi aliyoizima kwa mkono wake. Jibu lilikuja baada ya wiki sita, aya mbili. Faili lilikuwa limefungwa. Maelezo yake hayakuungwa mkono na kumbukumbu yoyote: kitabu cha ndege cha siku ile, chenye saini yake mwenyewe, kilisema hakuna kasoro. Tume ilimshukuru kwa utumishi wake wa muda mrefu. Mkuu wa Safari naye alimpigia simu.

"Mzee wangu, pumzika," akasema, bila hasira. "Unataka kuwachafulia nini watoto wa watu sasa? Yameshapita."

Alikwenda kwa Koleo na nakala ya barua ile pamoja na jibu lake. Hakukuwa mbali. Koleo alikuwa ameweka meza mlangoni mwa nyumba yake, anatengeneza feni na pasi. Kulikuwa na feni tano sakafuni bila vifuniko, mapanga yamepangwa kwa ukubwa. Mke wake alichungulia kutoka ndani.

"Karibu," akasema. Hakusema shemeji. Hakutoka.

Koleo alifuta mikono, akavaa miwani, akasoma. Alisoma kurasa zote nne polepole, kama alivyokuwa akisoma michoro ya nyaya, kisha akasoma lile jibu. Akazikunja vizuri akamrudishia.

"Umeandika sawa," akasema. "Hujaacha kitu."

"Nitakata rufaa. Nitakwenda kwa wakili. Nitamtafuta yule kijana wa Jumanne, nitamfuata huko huko."

"Huyo hakumbuki."

"Nitamkumbusha."

"Na kitabu je, nacho utakikumbusha? Kitabu ulikiandika wewe." Alisema bila kupandisha sauti. Alichukua bisibisi, akaiweka tena. "Niulize kitu, ndugu?"

"Uliza."

"Siku ile, mwenyekiti aliposema wanasubiri. Nilikuona unanitazama. Ulikuwa unafikiria nini?"

Kwa mara ya kwanza katika mwaka ule Bwana Kanuni hakutafuta namna ya kukwepa. "Nilikuwa nafikiria mama wa kantini atasema nini."

Koleo akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepima waya akapata namba aliyoitegemea. "Mimi nilikuwa nahesabu sekunde. Nilijiambia, atasimama kabla ya ishirini. Kisha nikasema ni mtu mzito, nimpe sitini. Nilifika tisini na nne akakuuliza kama una lolote." Akavuta feni moja karibu, akaanza kufungua skurubu ya nyuma. "Mke wangu ananiambia ningekutaja. Pengine. Lakini nilitaka kujua."

"Nisamehe, Koleo."

"Nimeshakusamehe zamani. Haisaidii kitu, mimi mwenyewe nimeshangaa. Nilidhani ingesaidia."

Mwanamke mmoja alifika na pasi iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki, akamkuta Bwana Kanuni amesimama katikati ya mlango na karatasi zake mkononi.

"Baba, na wewe unangoja?" akauliza.

"Hapana," akasema Koleo. "Yeye amemaliza. Lete nione, imeanza lini?"

Bwana Kanuni akasogea pembeni kumpisha. Mwanamke alianza kueleza jinsi pasi inavyowaka na kuzima, na Koleo akamsikiliza kwa makini, akichukua daftari aliloliweka pembeni ya meza, akaandika siku, jina na kasoro, akamgeuzia aweke saini.